Mitumba ya Watoto Kasese, Kilembe na Bwera: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mchuuzi wa Mpakani

Nguo za mitumba za watoto ni miongoni mwa bidhaa zinazotoka haraka katika masoko ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Sababu inajulikana na kila mzazi: mtoto hukua. Shati alilovaa Krismasi huwa limembana ifikapo Pasaka, na nguo mpya kwa kila mtoto kila mwaka ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuibeba. Kwa upande mwingine, nguo hizi ndizo zinazowapa akina mama wengi wa Bwera na Mpondwe mtaji wao. Mwanamke anayenunua belo moja kwa pesa za kukopa hujiwekea dhamana ya karo ya watoto wake mwenyewe. Belo likifunguliwa vibaya, hasara haiishii sokoni.

Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa, mambo ya kuangalia wakati wa kununua, usafi wa nguo kabla ya mtoto kuvaa, hesabu ya belo, pamoja na masuala ya ushuru kwa wanaovuka mpaka kuelekea Kasindi.

Majina na njia ya bidhaa

Bidhaa ni moja lakini majina ni mengi. Tanzania na Kenya huitwa mitumba. Uganda wengi husema mivumba, neno la Kiganda. Rwanda na Burundi hujulikana kama caguwa, jina lililotokana na neno la Kiswahili "chagua", kwa kuwa mnunuzi huinama juu ya rundo na kuchagua. Mfanyabiashara wa mpakani husikia majina haya yote kwa siku moja.

Nguo nyingi hukusanywa Ulaya, Marekani, Kanada na nchi za Asia kama Korea Kusini na China. Huchambuliwa, hufungwa katika mabelo na kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa. Kutoka hapo huja kwa barabara hadi Kampala, ambako wauzaji wa jumla wamejaa katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, na mitaa ya jirani. Wachuuzi wa Kasese hununua Kampala na kuteremsha mizigo yao mjini Kasese au Bwera. Sehemu ya mizigo huendelea hadi Mpondwe, huvuka mto Lhubiriha na kuingia Kasindi, na kutoka hapo hupelekwa Beni na Butembo, Kivu Kaskazini.

Soko la Mpondwe huwa na siku mbili kubwa kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Siku hizo wanunuzi kutoka Kongo huvuka kwa wingi, na lugha ya Lhukonzo ya upande wa Uganda na Kinande cha upande wa Kongo husikilizana bila shida. Wasioelewana kwa lugha hizo hutumia Kiswahili.

Hali ya hewa huamua bidhaa

Kosa la kwanza la mchuuzi mgeni ni kudhani kwamba mtoto wa Kasese ni mtoto wa Kasese popote alipo. Mji wa Kasese uko kwenye bonde la ufa na joto lake ni kali. Huko hutoka fulana za pamba, gauni nyepesi, kaptula na mashati ya mikono mifupi. Kilembe ni kilomita chache tu kutoka mjini, lakini liko ndani ya bonde la mto Nyamwamba, kwenye miguu ya milima ya Rwenzori. Asubuhi na jioni ni baridi, na mvua ni nyingi. Mzazi wa Kilembe, na zaidi yule wa vijiji vya juu mlimani, hutafuta sweta, jaketi, suruali ndefu na soksi.

Hali ni hiyo hiyo upande wa Kongo. Beni kuna joto kiasi, lakini Butembo iko juu na baridi yake inajulikana, na Lubero imeizidi. Belo la majaketi ya watoto linaloweza kukaa miezi miwili Kasese mjini huweza kupata wateja wa Butembo kwa muda mfupi. Kabla ya kununua, mchuuzi anapaswa kujua nguo zitavaliwa wapi, siyo tu zitauzwa wapi.

Kilembe lina jambo lake la ziada. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba, na reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba hiyo. Baada ya uzalishaji kusimama, familia nyingi zilibaki katika nyumba za kambi bila mshahara wa kila mwezi. Kisha mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na mali na kuharibu hospitali ya Kilembe. Baada ya mafuriko, nguo za watoto ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutafutwa, kwa sababu familia iliyotoka usiku haikutoka na kabati. Kwa wateja wa aina hii bei ndogo ina maana kuliko jina la kampuni lililo kwenye lebo.

Kusoma lebo za umri

Lebo ya ndani ya nguo husaidia sana, ila haisomwi kwa namna moja.

Nguo za nchi nyingi za Ulaya huandikwa kimo cha mtoto kwa sentimita. Namba 92 ni ya mtoto wa takriban miaka 2, namba 104 miaka 4, namba 116 miaka 6, namba 128 miaka 8 na namba 140 miaka 10. Nguo za Uingereza huandikwa umri wenyewe, kwa mfano 3-4 au 7-8. Nguo za Marekani za watoto wadogo huwa na herufi T baada ya namba, kama 2T, 3T au 4T, na namba hiyo ni umri. Nguo za Korea na China nazo hutumia sentimita, lakini hupanda kwa makumi: 100, 110, 120, 130.

Mchuuzi asiyejua tofauti hii huweza kumwambia mteja kwamba namba 110 ni nguo ya mtoto mkubwa, kumbe ni ya mtoto wa miaka 5. Mteja huyo hatarudi tena.

Hata hivyo, lebo nyingi hukatwa au hufutika kwa kufuliwa. Wazazi wa masokoni wana vipimo vyao. Mama asiye na mtoto wake sokoni hubeba uzi uliofungwa mafundo mawili: fundo la kwanza ni urefu kutoka bega hadi kiuno, la pili ni kutoka kiuno hadi kifundo cha mguu. Mtoto akiwepo, kiuno cha suruali iliyofungwa vifungo huzungushwa shingoni mwake. Ncha zikikutana nyuma bila kuvutwa, suruali itamtosha kiunoni. Soksi huzungushwa kwenye ngumi. Vipimo hivi havihitaji chumba cha kujaribia.

Kwa kuwa mtoto anakua, wengi huchukua nguo iliyozidi saizi moja. Hilo ni sawa kwa sweta, gauni na jaketi. Kwa suruali ya mtoto anayeanza kutembea siyo sawa, kwa sababu hukanyaga pindo na kuanguka.

Kukagua nguo moja moja

Nguo ya mtoto huchakaa mahali pale pale. Mnunuzi anashauriwa kuanza na magoti ya suruali, kisha kiwiko, shingo, kwapa na sehemu ya kukalia. Nguo inyanyuliwe juu ya mwanga wa jua. Kitambaa kilicholika huonyesha mwanga hata kama hakijatoboka. Zipu ivutwe juu na chini mara mbili. Lastiki ivutwe na kuachiwa. Ikibaki imelegea, gharama ya fundi iongezwe kwenye bei.

Kuna mambo ya usalama ambayo hayahusu nguo za watu wazima. Kamba za shingoni kwenye jaketi na sweta zenye kofia huweza kunasa na kumkaba mtoto anapocheza. Ni vema zitolewe. Vifungo, shanga na mapambo yaliyolegea huishia mdomoni mwa mtoto mchanga na huweza kumziba koo; yashonwe upya au yaondolewe. Pini na sindano za duka la awali wakati mwingine hubaki kwenye kola na pindo.

Madoa yatazamwe kwa makini. Doa la chakula au udongo huweza kutoka, lakini doa la wino, kutu au rangi ya ukutani mara nyingi halitoki. Muuzaji akisema "mama, hilo linatoka kwa sabuni tu", mnunuzi ana haki ya kushusha bei kana kwamba halitatoka.

Chupi na nguo nyingine za ndani zilizotumika haziruhusiwi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu nguo zilizotumika, EAS 356, kinazikataza, na kinataka mizigo iwe na cheti cha kufukizwa dawa ya kuua wadudu. Nguo za ndani za mtoto zinunuliwe mpya, hata kama ni za bei ya chini kabisa.

Usafi kabla ya kuvaa

Harufu kali inayotoka kwenye belo jipya ni mchanganyiko wa dawa, vumbi na muda mrefu wa kufungwa. Nguo isivaliwe na mtoto siku hiyo hiyo. Utaratibu unaofaa ni huu: nguo ikung'utwe nje, ilowekwe, ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, isuuzwe mara mbili, kisha ianikwe juani.

Maji ya moto na pasi vina kazi mbili. Kwanza huua chawa na vidudu vya upele, ambavyo huweza kusalia kwenye nguo iliyovaliwa karibuni. Pili, yuko nzi anayejulikana kama nzi wa embe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, hasa kivulini au kwenye majani. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe unaofanana na jipu. Tatizo hili halitokani na mtumba. Hata nguo mpya iliyofuliwa huweza kulipata. Kupiga pasi pande zote mbili, pamoja na mishono na nepi za kitambaa, ndiyo kinga. Bonde la Kilembe lenye mvua na jua chache huhitaji pasi zaidi kuliko Kasese mjini.

Suala la Ebola nalo lina nafasi yake katika eneo hili. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Mwezi Juni 2019 wagonjwa kutoka familia iliyokuwa imevuka mpaka walithibitishwa upande wa Uganda na kuhudumiwa Bwera, na siku za soko wilayani Kasese zilisitishwa kwa muda. Belo lililosafiri wiki nyingi kutoka ng'ambo halikuwa chanzo cha hofu hiyo. Hatari iko kwenye nguo na matandiko ya mtu aliyeugua au kufariki karibuni, kwani virusi huambukiza kupitia majimaji ya mwili yaliyobaki juu yake. Wakati wowote mlipuko unapotangazwa, nguo zinazouzwa barabarani na mtu asiyejulikana zilikotoka ziachwe.

Hesabu ya belo

Mabelo mengi sokoni huwa na uzito wa kilo 45, ingawa yapo makubwa zaidi. Nguo ya mtoto ni nyepesi. Zikiwa na wastani wa gramu 150, belo la kilo 45 hutoa nguo kama 300. Za watoto wachanga huwa nyingi zaidi, na majaketi huwa machache. Hii ndiyo faida ya mitumba ya watoto: mtaji uleule huleta vipande vingi. Hasara yake ni kwamba kila kipande huuzwa kwa bei ndogo.

Belo huuzwa likiwa limefungwa, na kwa kawaida halifunguliwi kabla ya malipo. Mfano ufuatao ni wa kuonyesha hesabu tu, siyo bei za soko.

Mchuuzi ananunua belo kwa shilingi za Uganda 900,000. Usafiri ni 35,000, na ushuru wa soko pamoja na meza ni 25,000. Jumla ya gharama ni 960,000. Anachambua nguo 300 hivi:

- Daraja la kwanza, vipande 60 kwa 8,000: shilingi 480,000
- Daraja la pili, vipande 150 kwa 3,000: shilingi 450,000
- Daraja la tatu, vipande 70 kwa 1,000: shilingi 70,000
- Matambara, vipande 20: hayauziki

Mapato ni 1,000,000 na faida ni 40,000. Sasa daraja la kwanza likiwa na vipande 30 badala ya 60, na 30 vilivyobaki vikashuka hadi daraja la tatu, mapato huwa 790,000. Faida ya 40,000 imegeuka hasara ya 170,000. Bei ya kununulia haijabadilika, wala idadi ya nguo. Kilichobadilika ni vipande 30 tu.

Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hufuata mambo manne. Hununua kwa muuzaji yule yule, ambaye ana sababu ya kulinda jina lake. Huandika chapa na alama iliyo kwenye belo, ili belo likiwa zuri waliombe tena. Huungana wawili au watatu kununua belo moja na kugawana kwa zamu ya kuchagua, ili hasara isimwangukie mmoja. Na hawatumii pesa ya karo kununua belo la kwanza la aina wasiyoijua. Anayeanza ni afadhali anunue vipande 30 au 40 vilivyokwisha kuchambuliwa. Bei ya kila kimoja iko juu, lakini anaona anachonunua.

Ushuru na mpaka

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nguo zilizotumika hutozwa ushuru wa forodha zinapoingia kutoka nje. Mwaka 2016 kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola ya Marekani kwa kilo, kwa kuchukua kilicho kikubwa. Kabla ya hapo kiwango cha kilo kilikuwa senti 20. Kwa belo la kilo 45, senti 40 ni dola 18. Rwanda ilikwenda mbali zaidi mwaka huo huo, ikapandisha hadi dola 2.50 kwa kilo, yaani dola 112.50 kwa belo la uzito huo.

Belo lililonunuliwa Kampala kihalali limekwisha kulipiwa ushuru huo. Stakabadhi ya dukani ihifadhiwe, kwani ndiyo inayomlinda mchuuzi akisimamishwa njiani na maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Mzigo ulioandikwa kuwa unapita kwenda Kongo haujalipiwa ushuru wa Uganda. Ukishushwa Bwera na kuuzwa pale ni magendo, na aliyeununua huweza kunyang'anywa hata kama hakujua. Bei iliyo chini mno bila stakabadhi ni dalili ya kutosha.

Wengi hukosea kuhusu utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, ule wa COMESA na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Husikia kwamba mzigo wa thamani ndogo hausumbuliwi, wakadhani mitumba imo. Nafuu ya ushuru katika taratibu hizo ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, kama maharage, mahindi au samaki. Nguo iliyotengenezwa Asia na kuvaliwa Ulaya haipati asili ya Uganda kwa kuwa imeuzwa Kasese. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022, lakini hilo nalo halibadilishi asili ya nguo. Anayevuka na mitumba kuingia Kasindi ajiandae kulipa kwa forodha ya Kongo, DGDA, na kukaguliwa na ofisi ya ubora, OCC. Kila malipo yadaiwe stakabadhi. Pesa inayotolewa bila karatasi huombwa tena mita mia mbele.

Sarafu ni jambo la mwisho hapa. Upande wa Kasindi hutumika dola, faranga za Kongo na shilingi za Uganda. Bei ikubaliwe kwa sarafu moja kabla ya kuhesabu nguo, na kiwango cha kubadilisha kiulizwe siku hiyo hiyo.

Marufuku na misukosuko

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Baada ya malalamiko ya wafanyabiashara wa Marekani mwaka 2017, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha nafuu ya nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku mitumba, lakini tangazo hilo halikufuatwa na sheria ya kuitekeleza na biashara iliendelea. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria huku malori ya mizigo yakiruhusiwa. Wachuuzi wanaovuka kwa miguu ndio walioumia.

Funzo kwa mchuuzi ni kutoweka mtaji wote katika mabelo kwa wakati mmoja.

Misimu ya kununua

Uganda shule hufunguliwa mihula mitatu, kwa kawaida Februari, Mei na Septemba. Sweta na mashati ya shule hutafutwa wiki mbili kabla. Kongo mwaka wa shule huanza Septemba, na sare ni nyeupe juu na buluu chini. Mashati meupe ya watoto pamoja na suruali na sketi za buluu iliyokoza ziwekwe kando kuanzia Julai. Desemba hutoka gauni na suti za sikukuu. Nguo za baridi hutoka zaidi mvua zinapoanza, Machi na Septemba. Pesa nyingi hupatikana na yule aliyenunua mwezi mmoja kabla ya wengine.

Kwa ufupi

Mzazi: pima, kagua magoti na zipu, ondoa kamba, fua kwa maji ya moto, piga pasi. Nguo za ndani nunua mpya.

Mchuuzi: jua hali ya hewa ya wateja, andika chapa ya belo, gawana hatari na wenzako, dai stakabadhi kila upande wa mto Lhubiriha, na karo ya watoto iwekwe mbali na mtaji.